Kiti Kinachojijaza

Jumatatu, 3 Machi

Kiti kimefika leo, mvua ikinyesha. Vijana wanne walikishusha kwenye Fuso kikiwa kimeviringishwa nailoni, na nusu ya mtaa wetu wa Bondeni, hapa Kyela, ikaja kusimama mlangoni kwetu kutazama. Ni kiti cha kuoshea miguu. Juu ni sofa nyekundu, chini kuna karai gumu lililoshikana nacho. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, maji yanaingia yenyewe, ya moto, yakifika kwenye alama yanasimama yenyewe, kisha yanaanza kuzunguka na kutoa mapovu. Ukibonyeza cha pili yanaondoka yenyewe. Hakuna kuchemsha maji, hakuna kubeba beseni, hakuna kwenda kumwaga nyuma ya nyumba.

Mwenye saluni ni Generosa, ambaye wote tunamwita Mama Teddy. Ni mtu wa Bukoba. Mumewe Telesphory alihamishiwa huku kikazi, na yeye akakataa kukaa nyumbani kupigana na mbu, akafungua saluni. Shajara hii kanipa yeye, mumewe aliletewa mbili ofisini. "Naomi, uandike wateja wako humo," akasema. Wateja nawakumbuka kwa miguu yao. Humu nitaandika ninachotaka.

Alhamisi, 6 Machi

Mabeseni yangu yote nimeyapeleka stoo. La bluu nililiangalia mara mbili. Ndilo nililoanzia kazi, nalisugua kwa jiki kila mteja akiondoka, kisha nalifunika kifudifudi juani mpaka linakauka. Mama Teddy kaniona nimelishika akanicheka kwamba naaga mchumba.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu Jumamosi. Asubuhi nimefungua nikakuta maji ndani ya karai la kiti, kina cha vidole viwili hivi. Nilikuwa nimelikausha kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya kufunga. Nikamwita Mama Teddy. Akachukua kitabu cha maelekezo, ambacho kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, akakipindua mbele na nyuma, akakirudisha kwenye droo.

"Kinajiandaa," akasema. "Mashine hizi hazipendi kukauka. Hata gari huliachi bila maji."

Ikaniingia akilini. Nikabonyeza kitufe, kikaongezea juu ya yale yaliyokuwemo mpaka kwenye alama. Mteja wa kwanza alikuwa mke wa mchungaji, akasinzia mdomo wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu Kisa kaja kutoka kijijini kwetu Ikolo. Kesho watu wa Matema wanakuja kwa baba kuzungumza ng'ombe wa mahari na kumvisha pete. Mchumba wake ni Hezroni, mpishi kwenye nyumba moja ya wageni huko ufukweni mwa ziwa, kijana mpole, anacheka kwa pua. Mama yetu alipofariki Kisa alikuwa bado anang'oa meno ya utoto. Nimemlea mimi. Nikimwona anaolewa vizuri nitakuwa nimemaliza kazi niliyoachiwa, na sitaki kujifanya kwamba ni jambo dogo kwangu.

Miguu yake ni ya mtu wa majaruba. Visigino vina nyufa ambazo ungeweza kuficha sarafu, na tope la mpunga limeingia chini ya kucha likakaa. Nilimnyoa vinyweleo kwa wembe mpya kuanzia kifundoni mpaka chini ya goti, kisha nikamweka kwenye kiti. Maji yalikuwemo tena tangu asubuhi, vidole vitatu. Nikaongezea.

"Dada, yananitekenya," akasema. Akacheka kama alivyokuwa akicheka nikimwogesha kisimani.

Nilipobonyeza kitufe cha pili, maji yakaondoka kwa mlio kama wa mtu anayekunywa uji. Kisa akainama kuchungulia. "Yanaenda wapi?"

"Yanajua yenyewe yanakokwenda," nikamjibu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku imekwenda vizuri mno. Shangazi yake Hezroni, Elizabeth, ndiye aliyekuja kuongoza upande wao kwa wanawake. Ndiye aliyemlea Hezroni, na neno lake kwao halirudishwi. Kisa alipopiga magoti kumnawisha mikono, huyo shangazi akaangalia miguu yake muda mrefu.

"Mugonile," akatusalimu Kinyakyusa, kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi nilikuja kuposa mkulima. Huyu mmemtoa ofisi gani?"

Baba akasema, "Mkulima ndiye huyo. Dada yake tu amefuta ushahidi."

Watu wakacheka mpaka mzee Yakobo, baba yake Hezroni, akakohoa. Ng'ombe wa mahari wameingia zizini kwa baba, na ndoa ni Jumamosi tarehe kumi Mei, baada ya Pasaka. Elizabeth alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu. Umetulelea." Nililia njiani. Boda akadhani nimefiwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Wateja wawili.

Jumatatu, 24 Machi

Mabomba ya mji yamekauka tangu Ijumaa. Mvua yote hii inayotuangukia, na bombani hakuna tone, eti chanzo kimejaa tope. Lakini kiti chetu leo asubuhi kina maji hadi nusu ya karai. Yana ukungu kidogo, yananukia sabuni yetu ya ndimu.

Mama Teddy akapiga makofi. "Unaona? Saluni zote zimefunga, mimi kiti kimejijaza. Kinanipenda."

Nilikinga ndoo ya maji ya mvua, nikaongezea, nikaosha wateja wanne. Nilifurahi, maana wawili kati yao ni wa saluni ya jirani.

Jumanne, 1 Aprili

Umeme umekatika kiti kikiwa kimejaa na mteja yumo. Bila umeme hakinyonyi. Maji yakabaki humo mchana kutwa, rangi ya chai. Yule mteja, mwalimu wa sekondari, ana kipele kwenye muundi. Anasema ni mbu. Nikamwambia mbu wa Kyela hawana adabu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kisa kapiga simu. Ana vipele vitatu mguu wa kulia, kimoja kushoto. Nimemwambia ni joto na nyasi za shamba.

Alhamisi, 10 Aprili

Vipele vya Kisa vimekuwa majipu. Nimemtumia dawa ya kupaka kwa mtu anayekwenda Ikolo.

Jumatatu, 14 Aprili

Barabara ya kwenda sokoni haipitiki bila kuvua viatu. Nyuma ya saluni maji yamesimama mpaka kwenye ngazi.

Mke wa mchungaji kaja kusuka. Alipokaa gauni likapanda kidogo, nikaona. Majipu mawili, ya rangi ya zambarau, moja limepasuka na halitoi usaha kama jipu la kawaida. Yule mwalimu wa siku umeme ulipokatika naye nilikutana naye dukani, kafunga bandeji. Hao ni wawili, na Kisa wa tatu. Nilikaa na jambo hilo mpaka mchana, nikaona nikilinyamazia nitapasuka.

"Mama Teddy," nikasema, "nadhani ni kiti."

Alikuwa anapaka mteja rangi ya kucha. Hakuinua kichwa. Mteja alipotoka ndipo akajibu. "Watu wanajinyoa na nyembe zilizokwisha kutu. Kiti kinaingiza maji safi na kutoa machafu. Kuna usafi gani zaidi ya huo?"

"Na yale ya asubuhi?"

"Naomi. Saluni ni jina. Likitoka jina hapa, mimi na wewe tunakwenda kuuza vitumbua."

Namjua Mama Teddy kwa ukali, ila leo haukuwa ukali. Alikuwa anashikashika magoti yake, kavaa dira refu linaloburuza sakafuni. Siku hizi amekuwa mtu wa madira.

Alhamisi, 17 Aprili

Kisa amekuja. Alivua soksi mbele yangu nikatamani azivae tena. Ni vidonda sasa, saba mguu mmoja na nane mwingine, vyote pale maji yalipofika na wembe ulipopita. Juu ya mstari huo ngozi ni safi kabisa. Mtu angeweza kuuchora kwa rula.

Kabla sijauliza chochote alitoa karatasi kwenye mkoba. Ni majibu ya kupima Ukimwi. Hana. "Nimepima kwa sababu najua wote mtauliza," akasema. Mimi nisingeuliza. Lakini yeye alidhani ningeuliza, na hilo limeniuma kuliko vidonda.

Sikumwambia kuhusu kiti. Nilimfunga bandeji, nikampikia, nikamsindikiza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Elizabeth na Hezroni walikuja Ikolo kupanga mambo ya ndoa. Kisa alivaa soksi na raba ndani ya nyumba, kwenye tope hili, mtu yeyote mwenye macho angejiuliza. Elizabeth ana macho. Alisema anataka kunawa miguu baada ya safari, akamwomba Kisa amsindikize nyuma ya nyumba, na huko akamwambia, "Na wewe nawa, mwanangu."

Waliporudi Elizabeth hakukaa. Ndizi na nyama vilikuwa jikoni vinakaribia kuiva, harufu ukumbini, lakini yeye akachukua pochi yake akasema gari litawaacha. Hezroni alitazama ardhi. Kwetu mtu akiondoka chakula kikinukia amekwisha kusema.

Jioni mzee Yakobo akampigia baba. Maneno yake yalikuwa ya heshima. Alisema hawavunji kitu, ila wanaomba kabla ya harusi waambiwe ni kitu gani kimeingia miguu ya binti. Baba akaniuliza mimi, mbele ya Kisa.

Nikawaambia. Nilisema ni kiti cha saluni, na kwamba ni mimi niliyemkalisha. Baba hakunielewa, aliniuliza mara tatu jinsi kiti kinavyoweza kumuuma mtu. Kisa alielewa mara moja. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimempeleka Kisa hospitali. Alikubali kwenda, hakukubali kukaa karibu nami. Daktari Sospeter ni mtu mfupi mwenye sauti ya kuhubiri. Aliviangalia vidonda kwa taa, akavuta kiti.

"Binti, umeloweka miguu wapi?"

Kisa akaninyooshea kidole bila kunitazama.

Daktari alitueleza taratibu. Kuna vijidudu vinavyoishi kwenye maji na mabomba. Vinapenda sehemu yenye utelezi na vipande vya ngozi. Mtu aliyenyolewa kwa wembe anakuwa amefungua milango midogo midogo, navyo vinaingia. Haviambukizi kwa kukaa na mtu wala kulala naye. Vinatibika, ila dawa ni za miezi, na makovu yatabaki. Kisa akauliza kama makovu yatabaki yote. Daktari akasema, "Mengi." Akaandika karatasi kwa ajili ya wakwe, bila hata kuombwa mara mbili. Huyu mtu Mungu ampe maisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemleta Jubilate, fundi bomba, bila ruhusa. Mama Teddy alipoingia alikuta kiti kimelazwa ubavu.

Jubilate alitoka nje kwanza, akaingiza kijiti kwenye shimo la maji machafu lililo nyuma ya nyumba. Limejaa mpaka ukingoni. Akarudi. "Bomba la kutolea maji halina valvu ya kuyazuia yasirudi," akasema. "Mashine inayasukuma shimoni. Mvua ikijaza shimo, yanarudi humu humu. Mnaoga ya jana."

"Kinajiandaa," nikasema. Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

Kisha akafungua vifuniko vya yale matundu yanayopuliza mapovu. Nyuma yake kulikuwa na mfereji mdogo. Alitoa kwa kijiko. Ni ute mzito wa rangi ya kijivu, na ndani yake nywele, vipande vya kucha vya kila rangi tuliyowahi kupaka, na ngozi nyeupe za visigino zilizovimba. Kitufe cha pili kilikuwa kinatuondolea yale tunayoyaona tu. Harufu yake bado ninayo puani ninapoandika.

Nilimgeukia Mama Teddy. Nilikuwa na maneno tayari, mabaya, niliyokuwa nimeyapanga wiki mbili. Yeye akakaa kwenye benchi la wateja akapandisha dira mpaka magotini. Miguu yote miwili. Vibaya kuliko vya Kisa.

"Kila Jumapili nilikuwa nakuja kujiosha peke yangu," akasema. "Nilidhani ni ule ugonjwa. Nilidhani Baba Teddy kaniletea. Nimelala na hofu hiyo mwezi mzima, na kama ni kiti basi nashukuru, Mungu anisamehe, nashukuru."

Yale maneno yangu sikuyatumia. Nilimpa jina la Daktari Sospeter. Jubilate alipotaka kumwaga ule uchafu nilimzuia. Nilichukua kopo la rangi lenye mfuniko, nikautia humo. Nilijiambia kwamba karatasi ya hospitali inaweza kusema chochote, lakini uchafu mtu akiuona kwa macho hawezi kubisha.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Nilikwenda Matema peke yangu. Baba ana homa, na Kisa alisema nifanye nipendavyo. Lile kopo nilikuwa nimelifunga kwenye kanga mpya ili lisimwagike njiani, fundo juu. Karatasi ya daktari niliiweka kifuani ndani ya nailoni. Barabara ilikuwa mbaya, madaraja mawili tulishuka tukavuka kwa miguu, na kopo nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto. Nilipofika ziwa lilikuwa limechafuka, rangi moja na barabara, na maji yamekula ufukwe mpaka karibu na nyumba za watu.

Elizabeth alinipokea mlangoni. "Ugonile," akanisalimu, na uso wake ulikuwa bado na nafasi ya kutabasamu. Hapa pana jambo la kueleza. Kwetu mgeni haachwi amesimama na mzigo mikononi, na mgeni naye hasemi kilichomleta kabla hajala. Wakwe wakija wamefunga kitu kwenye kanga, hicho ni mchele mpya, au unga, au siagi. Kinapokelewa kwa mikono miwili, kinapelekwa jikoni, wanawake wa nyumba wanakifungua huko na kurudi kushukuru. Mimi ni mtoto wa Ikolo. Nimebeba mizigo ya namna hiyo maisha yangu yote.

Elizabeth akanyoosha mikono miwili. Nami, kwa mazoea, nikampa mzigo.

"Ndaga fijo," akasema, akaingia nao ndani.

Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kiti, mzee Yakobo ananiuliza habari za mvua za Kyela, ndipo nikatambua nimefanya nini. Niliinuka. Nikasema, "Baba, ule mzigo—" na kabla sijamaliza jikoni sufuria ikaanguka. Hakupiga kelele mtu. Zikasikika nyayo.

Elizabeth akasimama mlangoni. Alikuwa ameiweka mikono mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika pilipili.

"Naomi," akasema. "Tulikupokea kwa mikono miwili."

"Shangazi, ni uchafu wa kwenye kiti cha saluni. Nimeuleta muone kilichomuumiza Kisa. Nilitaka kueleza kwanza."

"Nywele za watu. Kucha za watu. Umezitia kwenye kopo, ukazifunga kanga mpya, ukaziingiza jikoni kwangu."

Nilitoa karatasi. Nilisoma kwa sauti, maneno ya daktari yote, vijidudu, mabomba, haviambukizi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe na nikajua haifiki popote. Mimi nafagia nywele na kucha kila siku. Kwangu ni taka, nazizoa na kwenda kumwaga. Nilisahau kabisa kwamba nje ya saluni hakuna mtu anayekusanya kucha za wenzake kwa nia njema. Mimi, niliyekuwa nachoma nywele za Kisa utotoni ili mtu asiziokote, nilisahau.

Mzee Yakobo alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwenye adabu. "Mama," akaniambia, "sisi hatuna ugomvi na ninyi, wala hatutaki kuwa nao. Chukua mzigo wako. Mwambie baba yako wazee watakuja kuzungumza habari za ng'ombe."

Ng'ombe wa mahari walikwisha kutuletea, wako zizini kwa baba. Aliposema kuzungumza, alimaanisha kuwachukua tena.

Hezroni alinikimbilia barabarani, mvua imeanza upya. Alichukua karatasi akaisoma pale pale, maji yakimchuruzika. Akanirudishia.

"Mimi naamini, dada," akasema. "Nilipika kwenye hoteli Mbeya, najua bomba linavyooza. Lakini nikimleta, atakaa na nani mchana? Shangazi hatakula alichopika Kisa. Hakuna mtu hapa atakayekula."

"Hamieni kwingine."

Alitazama ziwa. Kisha akageuka kurudi kwa shangazi yake. Nilitafuta pa kumwaga lile kopo, lakini kila mahali palikuwa na mlango wa mtu na macho ya mtu. Nikarudi nalo mpaka Kyela.

Alhamisi, 1 Mei

Lile kopo nimelichoma nyuma ya saluni kwa mafuta ya taa. Halikutaka kuwaka.

Jumatatu, 5 Mei

Wazee wa Matema wamekuja Ikolo. Wamesema vizuri, wameondoka vizuri. Wameondoka na ng'ombe.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ingekuwa harusi. Hakuna mvua.

Jumatano, 14 Mei

Kila mtu nilimwona vibaya msimu huu, na Mama Teddy nilimwona vibaya zaidi. Basi niandike na hili. Wiki nzima tumekuwa tukizunguka, mimi na yeye, nyumba kwa nyumba kwa kila aliyekalia kile kiti. Miguu yake imefungwa bandeji, juu yake kavaa mifuko ya nailoni, anakanyaga tope la Bondeni akibisha hodi. Anasema mwenyewe: "Ni kiti changu. Nenda kwa daktari huyu." Mke wa mchungaji alimkumbatia. Mwalimu alimfungia mlango. Mumewe hataki afanye hivyo, lakini anafanya.

Jumatano, 21 Mei

Kiti kimeuzwa. Telesphory ndiye aliyemleta mnunuzi, mtu mmoja wa mji mwingine. Alikizunguka akapapasa sofa.

"Kweli kinajijaza chenyewe?"

"Kinajijaza," nikasema. Kisha nikamweleza yote, shimo, valvu, mfereji wa nyuma ya matundu, miguu ya mdogo wangu. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Sisi kule kwetu hakuna mafuriko," akasema, akawaita vijana wabebe.

Jumapili, 8 Juni

Mpunga unavunwa. Kisa hajanisemesha tangu Mei. Nilikuwa nakwenda Ikolo kila Jumapili, nampelekea dawa zake, nazipitisha kwa baba, narudi. Nimesikia huko kijijini wengine hawapokei maji kutoka mkononi mwake. Hezroni aliwahi kumpigia simu, akakata kabla ya kusema neno.

Leo nilimkuta uani, ametoka shambani, sketi imepanda. Vidonda vimeanza kufunga. Vimeacha mabaka meusi yanayong'aa, mengi kama alivyosema daktari. Matope yamempanda mpaka ndani ya nyufa za visigino, kama alivyokuja kwangu siku ile ya Machi. Hakushusha sketi aliponiona.

Nilikuwa nimebeba beseni langu la bluu. Sijui kwa nini nilikwenda nalo. Nililiweka chini kati yetu. Kuku wakaja kulichungulia.

Alilitazama. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Nioshe," akasema. "Tangu Pasaka hakuna mtu aliyenigusa miguu."

Nilichemsha maji, nikayapoza, nikapiga magoti kwenye udongo. Sikutumia sabuni ya harufu wala wembe. Niliosha kidole kwa kidole. Maji yalipokuwa meusi nikanyoosha mikono kuliondoa beseni, lakini akalishika ukingo.

"Hapana," akasema. "Maji nayamwaga mimi."

Alilibeba mwenyewe, akichechemea, mpaka kwenye migomba, akayamwaga taratibu akiyaangalia mpaka tone la mwisho likazama. Akalisuuza, akamwaga tena. Kisha akalirudisha na kulifunika kifudifudi juani, akakaa pembeni yake kungoja likauke.